Mapishi ya Wachina Yatafutwe kwa Majimbo Yao

Mtu aingiaye mji mkubwa wa ugenini, akaona taa nyekundu zimetundikwa mlangoni, na joka la dhahabu limechorwa ukutani, na orodha ndefu ya vyakula iliyojaa kuku wa sukari, wali wa kukaanga na tambi za kukaanga, aghalabu hudhani kwamba amekwisha kuonana na mapishi ya Wachina. Walakini yakini ya mambo ni kwamba ameonana na sura moja tu, tena sura iliyotengenezwa kwa ajili yake, na kwamba mapishi yenyewe, yale ambayo Wachina huwapikia watoto wao na kuyatamani wanapokuwa mbali na kwao, yamo katika mtaa wa pili, au chini ya ngazi za jengo lisilo na fahari, au mwisho wa njia ya treni, na hayapatikani ila na mtu ayaulizaye kwa adabu. Rai yangu ni kwamba kuyauliza ni wajibu wa insafu, wala si anasa ya walafi. Na kwamba njia ya kuyapata ni kuacha kutafuta chakula cha Wachina kwa jumla, na kuanza kutafuta chakula cha jimbo.

Uchina si nchi ya desturi moja. Milima ya Qinling na mto Huai huigawa katika pande mbili, kaskazini penye baridi na ukame ambako ngano ndiyo tegemeo la maisha, na kusini penye mvua na makonde ya maji ambako mpunga ndio tegemeo. Na mgawanyiko huo wa udongo na hewa umekuwa mgawanyiko wa meza, hata mtu wa Shandong au wa Shaanxi hajihesabu ameshiba asipokula tambi, au mkate wa mvuke, au vifuko vya unga vilivyojazwa nyama na mboga, ilhali mtu wa Guangdong huona kwamba mlo usio na wali haujawa mlo.

Juu ya msingi huo kila jimbo limejenga elimu yake. Guangdong, jimbo la pwani ya kusini, hutukuza kitu cha siku ile ile: samaki aliyetoka majini muda si mrefu, akapikwa kwa mvuke pamoja na tangawizi na majani ya kitunguu, kisha akamiminiwa mafuta ya moto na mchuzi wa soya, wala haongezwi kitu. Sichuan, jimbo la bonde lenye ukungu na unyevu, huunganisha pilipili na maganda ya tunda dogo la mti fulani ambayo huutia ulimi ganzi, na kutokana na maungano ya ukali na ganzi hiyo wapishi wake wametoa ladha nyingi zinazotofautiana. Hunan, iliyo mashariki yake, hupenda ukali usio na ganzi, wa pilipili zilizotiwa chumvi zikachachuka, pamoja na nyama iliyokaushwa kwa moshi. Fujian, jimbo la mabaharia, hupenda supu nyepesi, samaki, na machicha mekundu ya pombe ya mchele. Shaanxi hutumia siki, na pilipili iliyomiminiwa mafuta yaliyochemka, na tambi pana ambazo wenyewe huzifananisha na mshipi. Majimbo ya kaskazini-mashariki huchachusha kabeji kwa ajili ya majira marefu ya baridi, na hupika viazi, mabiringani na mapilipili mboga katika sufuria moja. Na Xinjiang, upande wa mbali wa magharibi, huchoma kondoo kwa uzile na kuoka mikate ukutani mwa tanuri. Wajuzi wa Uchina wamezoea kuhesabu mapishi makuu manane, na katika manane hayo Shaanxi haimo, majimbo ya kaskazini-mashariki hayamo, wala Xinjiang haimo. Ikiwa wenyewe wamehesabu wakaacha mengi nje ya hesabu, mgeni hana haki ya kuyafanya yote kuwa kitu kimoja.

Nauchukua mji wa New York kuwa mfano, kwa sababu historia yake inaonyesha bayana kuliko miji mingi kwamba ladha huingia nchi ya kigeni kwa idhini ya sheria, na kwamba hudumu au hugeuka kwa kadiri ya watu walioruhusiwa kuingia pamoja nayo. Wachina waliokaa mitaa ya Mott, Pell na Doyers, kusini ya kisiwa cha Manhattan, katika karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20, wengi wao walitoka pembe moja ndogo ya Guangdong iitwayo Taishan. Mwaka 1882 Marekani ilitunga sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini, na sheria hiyo haikufutwa ila mwaka 1943, na hata ilipofutwa idadi ya walioruhusiwa ilikuwa watu 105 tu kwa mwaka. Katika muda huo wa dhiki wafanyabiashara walikuwa miongoni mwa wachache waliopewa ruhusa ya kusafiri na kurudi. Na mwaka 1915 mahakama ilipokubali kwamba mwenye mkahawa naye ahesabiwe kuwa mfanyabiashara, mikahawa ilizidi sana, si kwa kuwa kila Mchina alizaliwa mpishi, bali kwa kuwa jiko lilikuwa mlango mmojawapo uliosalia wazi.

Tafakari hali ya mpishi huyo. Mke wake alikuwa ng'ambo ya bahari, jamaa zake walikatazwa kumfuata, na walaji waliomletea riziki walikuwa watu wasioijua Taishan. Aliwapikia walichokipenda: mboga na vipande vya nyama vilivyochanganywa katika mchuzi mzito, chakula kilichoitwa chop suey, nacho kwa miaka mingi kikawa ndicho Uchina nzima machoni pa Wamarekani. Aliyepika alijua vema kwamba sivyo. Lakini hakuwapo mtu wa kumwambia. Meza ya wageni peke yao haiwezi kumdai mpishi asili yake, kwa maana wageni hawajui cha kudai, na mpishi, ajapokuwa hodari, hupika kwa kadiri ya anachodaiwa.

Sheria mpya ya uhamiaji ya mwaka 1965 iliuvunja ukuta huo, na walioingia safari hii hawakutoka pembe moja. Miongoni mwao walikuwa watu wa Taiwan, kisiwa ambacho mwaka 1949, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kilipokea wakimbizi wa kila jimbo la bara pamoja na wapishi wao. Mmoja wa wapishi hao alikuwa Peng Chang-kuei, mzaliwa wa Hunan, ambaye katika miaka ya 1950 alibuni huko Taiwan chakula cha kuku, akakipa jina la Zuo Zongtang, jemadari wa Hunan wa karne ya 19. Kuku yule wa kwanza alikuwa na ladha za Hunan, yaani chumvi, ukali na uchachu, wala hakuwa na utamu. Miaka ya 1970 Peng alifungua mkahawa New York, wakati ambapo safari ya Rais Nixon ya kwenda Peking mwaka 1972 ilikuwa imewatia Wamarekani shauku ya kila kitu cha Uchina. Na katika mji huo kuku wa jemadari akatiwa sukari, akaenea Marekani yote mpaka miji midogo ya mashambani, ilhali watu wa Hunan huko kwao hawakuwa wakimjua. Peng alifariki Taipei mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 98. Simtii lawama hata chembe, kwani alikuwa fundi mkubwa aliyefanya kazi katika hali aliyoikuta. Nasema tu kwamba mtu aliyekula kuku huyo hajala Hunan, na asimwambie mtu wa Hunan kwamba amekila chakula cha kwao.

Sheria iliingia hata ndani ya chungu chenyewe. Yale maganda ya Sichuan yanayotia ulimi ganzi yalipigwa marufuku Marekani kuanzia mwaka 1968 hadi 2005, kwa hofu kwamba yangeweza kuleta maradhi yanayodhuru michungwa na miti ya jamii yake, na ijapokuwa katazo hilo halikushikwa kwa ukali ule ule miaka yote, liliwafanya wapishi wa Sichuan kuwa watu wa kutafuta kwa siri kiungo ambacho bila yake mapishi yao ni nusu. Mtu aliyekula katika zama hizo chakula kilichoitwa cha Sichuan, akakuta ukali wa pilipili asikute ganzi, alihukumu jimbo zima kwa ushahidi pungufu. Tangu katazo hilo lilipoondolewa, ladha ya Sichuan katika mji huo imerudi kuwa kamili. Na mtu aliyeijua zamani kwa jina tu, akauacha ulimi wake na hukumu ya wakati ule, amejidhulumu mwenyewe.

Kuanzia miaka ya 1980 wakaja watu wa Fuzhou na vijiji vilivyo kandokando yake, katika jimbo la Fujian. Mitaa ya zamani ya Manhattan ilikuwa mikononi mwa wasemao Kikanton, lugha ya Guangdong, na watu hawa wa Fuzhou hawakuisema, basi wakajikusanya upande wa mashariki, katika barabara ya East Broadway. Na mwaka 1997 ikasimamishwa mwanzoni mwa barabara hiyo, katika uwanja wa Chatham, sanamu ya Lin Zexu, mwana wa Fuzhou, ofisa aliyeteketeza kasumba ya Waingereza mwaka 1839. Wengi wa wahajiri hao walikuja kwa njia za hatari, wakiwa na madeni makubwa kwa waliowasafirisha. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1993 meli iitwayo Golden Venture ilipanda mchanga katika ufuko wa Rockaway, New York, ikiwa na watu 286, na watu 10 wakafa wakijaribu kuogelea kwenda pwani. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haki ya kulisikia jambo hilo kama hadithi ya mbali, kwa sababu wengi wa abiria hao walikuwa wamekwama Mombasa tangu mwaka 1992, baada ya meli yao ya kwanza, Najd II, kushindwa kuendelea na safari, mpaka Golden Venture ilipokuja kuwachukua, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuelekea Marekani. Bandari yetu imo katika njia iliyoupeleka umma wa Fuzhou New York.

Watu hawa ndio wanaonipa hoja yangu kuu. Ofisi za kazi zilizokuwa East Broadway na mitaa ya jirani ziliwapeleka kwa mabasi mpaka majimbo ya mbali ya Marekani, wakawa ndio wapishi wa maelfu ya mikahawa midogo inayouza kuku wa jemadari kwa watu wasiopata kuisikia Fuzhou. Kwa siku sita mkono wa Fuzhou hukaanga kuku wa sukari. Na siku ya mapumziko, au msimu wa kurudi mjini, mkono ule ule hushika bakuli la vidonge vya samaki vilivyotiwa nyama ndani, katika supu nyepesi yenye majani ya kitunguu. Au hushika mkate mdogo wa duara wenye tundu katikati, ambao mapokeo ya Fujian husema ulibuniwa kwa ajili ya askari wa jemadari Qi Jiguang wa karne ya 16, wapate kuutunga katika kamba na kwenda nao vitani dhidi ya maharamia. Mpishi ni mmoja na elimu yake ni moja, lakini vyungu ni viwili, na kinachovitenga ni mtu aketiye mezani. Kwa hiyo swali linaloulizwa siku zote, kwamba je, mpishi ni Mchina wa kweli, ni swali lisilotufikisha popote. Swali lenye faida ni hili: chakula hiki kinapikiwa nani?

Jibu la swali hilo huonekana wazi Flushing, katika sehemu ya New York iitwayo Queens, kwenye kituo cha mwisho cha treni namba 7, ambacho kilifunguliwa mwaka 1928 pasipo mtu kukisia kwamba kitakuja kuwa bandari ya majimbo ya Uchina. Watu wa Taiwan walianza kukaa huko miaka ya 1970, kwa kuwa mitaa ya Manhattan ilikuwa imejaa na lugha yake haikuwa yao. Wakafuata watu wa bara, na miongoni mwao watu wa kaskazini-mashariki, ambako viwanda vya serikali vilifunga milango miaka ya 1990 na kuwaacha wafanyakazi wengi bila kazi. Umati wa watu wa jimbo moja ulipokuwa mkubwa kiasi cha kutosha kukilisha kijiduka kimoja, kijiduka kilifunguliwa. Ulipozidi, kikafunguliwa cha pili, na hicho cha pili kikalazimika kuwa bora kuliko cha kwanza, kwa maana walaji walikuwa watu waliokulia chakula hicho na wasiodanganyika. Huo ndio utaratibu unaohifadhi asili ugenini: si sifa za magazeti, wala si bei, bali ni wingi wa wenyewe wanaorudi kesho wakiridhika na wasiorudi wakichukia.

Katika ghorofa ya chini ya ardhi ya jengo liitwalo Golden Shopping Mall, barabara ya Main Street, palikuwa na vibanda vilivyobanana, meza chache na viti visivyotosha, na karibu kila kibanda kilikuwa cha mahali pake. Humo ndimo mtu wa Xi'an, David Shi, alipouza tambi baridi za ngano zilizotiwa siki na mafuta ya pilipili, na tambi pana za kuvutwa kwa mkono zenye kondoo wa uzile, akawauzia kwanza watu waliojua Shaanxi ni nini. Biashara hiyo, Xi'an Famous Foods, iliyoanzishwa mwaka 2005, imekwisha kuenea katika mji mzima, na imefika kwa wageni bila kuiacha siki yake wala uzile wake. Hapa pana dalili ya kutia moyo: mgeni akipewa chakula ambacho wenyewe wamekwisha kukikubali, naye atakikubali, mradi apewe fursa, wala hakuna haja ya kumtilia sukari kama mtoto anyweshwaye dawa.

Kwa msomaji Mwislamu wa pwani na visiwa vyetu nina neno mahsusi, kwa kuwa wengi miongoni mwetu wamefunga mlango huu kwa dhana kwamba chakula chote cha Uchina kina nguruwe au pombe. Dhana hiyo ina sababu, lakini si kweli yote. Uchina ina Waislamu tangu karne za mwanzo za Hijra, na wana mapishi yao makubwa. Tambi za Lanzhou, ambazo sifa yake ya sasa hunasibishwa na Ma Baozi, Mwislamu wa kabila la Hui aliyeanza kuziuza mwaka 1915, hupimwa kwa mambo matano: mchuzi wa ng'ombe uwe mwangavu, figili iwe nyeupe, mafuta ya pilipili yawe mekundu, majani ya giligilani na vitunguu saumu yawe ya kijani, na tambi ziwe na rangi ya manjano. Katika mtaa wa Waislamu wa Xi'an, mlaji hupewa mkate mkavu na kuumega mwenyewe vipande vidogo vidogo, kisha bakuli lake hurudishwa jikoni kumiminiwa mchuzi wa kondoo uliopikwa kwa saa nyingi. Wauyghur wa Xinjiang wana mishikaki, pilau ya kondoo na karoti, na mikate ya tanuri, na mtu wa Lamu au Unguja akiketi mbele ya sinia lao hatajiona mgeni. Katika miji mikubwa ya ng'ambo mikahawa ya watu hawa hutambulikana kwa maandishi ya halali kwa herufi za Kiarabu juu ya mlango. Tahadhari iwepo: uzile na kondoo peke yake si dalili ya halali, maana mapishi ya Xinjiang huigwa na wasio Waislamu pia, basi tazama maandishi, na pasipo maandishi uliza.

Watakuwapo watakaosema kwamba kusaka asili ni ghururi, kwani chakula hubadilika siku zote na hakuna kilichobaki kama kilivyokuwa. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, nami naipokea kwa taadhima. Pilipili, ambayo leo hatuwezi kuiwaza Sichuan bila yake, haikujulikana Uchina ila mwishoni mwa karne ya 16, ilipofika kutoka Amerika kwa merikebu za biashara, katika zama zile zile ambazo Wareno walianza kutuletea sisi mahindi. Asili, basi, haina maana ya ukongwe, wala haina maana ya kutochanganyika na kitu cha kigeni. Lakini pana khitilafu kubwa kati ya badiliko ambalo watu wamelifanya kwa hiari yao, jikoni mwao, kwa vizazi kadhaa, wakajilisha nalo na kulipenda, na badiliko ambalo limetokana na dhiki ya sheria na ujinga wa mnunuzi. La kwanza ni maendeleo ya mapishi. La pili ni kodi ambayo mnyonge amelipishwa, na kuliita jina la mapishi yake ni kuisahau dhiki iliyolizaa. Chop suey istahiwe kama kumbukumbu ya watu waliostahimili. Isishike mahali pa Taishan.

Mtu atakaye kuitafuta haki hii katika mji wowote wa ugenini, uwe New York, au London, au Toronto, na aanze kwa swali moja kwa mwenye mkahawa: kwenu ni jimbo gani? Swali hilo, likiulizwa kwa upole, hufungua nyuso. Kisha aagize kile ambacho jimbo hilo hujulikana nacho, asimwombe mtu wa Lanzhou bata wa Peking, wala mtu wa Fuzhou pilipili za Sichuan, kwa sababu mpishi atampa kwa adabu akitakacho, na kosa litakuwa la mwombaji. Atazame walioketi: vibarua waliotoka kazini, wazee, na mama wenye watoto ni mashahidi wema kuliko watalii. Atazame karatasi zilizobandikwa ukutani kwa herufi za Kichina, kwani aghalabu humo mna vyakula vya wenyewe ambavyo orodha ya wageni haikuviandika. Na asiyejua kusoma amwonyeshe mhudumu sahani ya jirani, kwa heshima, aombe kama ile. Aitilie shaka nyumba inayodai kupika majimbo yote, na aiamini zaidi ile yenye vyakula vichache inavyovijua. Akikutana na kitu ambacho ulimi wake haujakizoea, ganzi, au uchachu, au harufu ya kitu kilichochachuka, asikimbilie kusema kwamba ni kibaya. Aonje tena, kwa maana watu wengi wamelelewa nacho, nao wana akili timamu.

Naliandika hili kwa wasomaji wa Kiswahili kwa sababu dhuluma hii tunaijua kwa kutendewa. Katika miji hiyo hiyo ya ng'ambo imo mikahawa iliyoandikwa mlangoni kwamba inauza chakula cha Kiafrika, na ndani yake mtu wa Mombasa hutafuta mahamri na mbaazi asiyaone, mtu wa Unguja hutafuta urojo, mtu wa Bukoba hutafuta matoke, na mtu wa Bukavu hutafuta sombe. Wote wakaambiwa kwamba walichotafuta ni kitu kimoja, na kitu hicho hakimo katika kijiji cha hata mmoja wao. Tunahuzunika, na tuna haki ya kuhuzunika, kwani bara lenye lugha na ladha zisizo na idadi limefupishwa kuwa sahani moja. Basi tusiwafanyie wengine tusilotaka kufanyiwa. Anayedai kwamba samaki wa kupaka wa pwani asichanganywe na dagaa wa ziwani, na aukubali kwa moyo ule ule utengano wa Hunan na Guangdong.

Hukumu yangu ni kwamba mji uwaachao wahajiri wake wawe wengi, wakae pamoja, na wajipikie wenyewe kwanza, ndio mji utakaokula vizuri. Na mji uwabanao mpaka wasiwe na mlaji ila mgeni, utalishwa sukari na hautajua ulichonyimwa. Nawe msomaji, siku utakapofika katika mji kama huo kwa masomo, au kwa kazi, au kwa matembezi, ukaona njaa, pita taa nyekundu na joka la dhahabu, nenda mpaka mahali wanapokula wapishi wenyewe, umsalimu mwenye nyumba, umwulize kwao ni jimbo gani, na ule anachokula yeye.